Likizo ya Miguu



Mtu akitangaza kwamba anakwenda likizo, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Unakwenda nyumbani?" Kwa wengi wetu likizo ni kurudi kwa wazee, kuhudhuria harusi au matanga, kumaliza shauri la mpaka wa shamba, kisha kurejea kazini tukiwa tumechoka kuliko tulivyoondoka. Likizo ya kukaa hotelini kando ya maji twaiona kuwa ni ya wageni. Na likizo ya kutembea kwa miguu, mtu akalipa fedha yake ili apate nafasi ya kuchoka, hiyo kwa wengi ni kichekesho. Hata hivyo mwaka huu, katika kiangazi cha mwezi Julai, nimekuwa na likizo ya namna hiyo kwa siku kumi katika Mkoa wa Mara. Napenda leo niwashirikishe yale niliyoyaona, kwa maana yamenigusa mahali ambapo sikutegemea.

Sababu ya kwanza ilikuwa afya. Ugonjwa wa sukari umo katika ukoo wetu, nao mwaka huu umebisha hodi kwangu. Daktari hakunipa maneno mengi. Aliniambia nipunguze wanga, nimeze dawa kwa saa zake, na nitembee. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku, siku tano. Kwa mtu anayeketi mezani toka asubuhi hadi jioni, na ambaye hata dukani huenda kwa gari, dakika hizo ni nyingi.

Sababu ya pili sikumweleza daktari. Katika kata ninakoishi, mbali na Mara, mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa zahanati. Tumepewa viwanja viwili, nasi yatupasa kuchagua kimoja. Cha kwanza kipo kando ya barabara ya lami: umeme upo, bomba la maji liko karibu, gari la dawa litafika hata wakati wa masika, na mganga hatakataa kuishi hapo. Cha pili kipo ndani, kilomita saba kutoka lami, katika kitongoji chenye watu wengi na umaskini mwingi. Kimetolewa na mzee mmoja bila kudai hata senti. Wajumbe wamegawanyika nusu kwa nusu, na kura iliyobaki ni yangu. Mwenyekiti aliniambia, "Nenda likizo, upumzike, ukirudi utuambie." Basi niliondoka na viatu vipya miguuni, na shauri lile lile kichwani.

Nilifuatana na mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, ambaye shule yake ilikuwa imefunga. Tulipanga katika hoteli ya kawaida ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mjini Musoma. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: kuamka kabla ya jua, kunywa chai, kutembea, na jioni kurudi hotelini kula samaki na kulala mapema. Pale ambapo miguu yangu haikuweza, tulipanda basi dogo.

Wale ambao hawajafika Musoma watambue kwamba ni mji uliokaa juu ya rasi, ulimi wa nchi unaoingia ziwani, hivi kwamba ukishika njia yoyote kwa muda mfupi utakutana na maji. Majabali makubwa ya matale yamepandana ufukweni moja juu ya jingine, na ndege mnandi hukausha mabawa yao juu yake. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo asubuhi za Julai zina ubaridi mzuri kwa mtu anayetembea. Pale Mwigobero tuliwakuta wavuvi wakishusha sato na sangara, kina mama wakianua dagaa, na kivuko kikijiandaa kuvuka ghuba kwenda Kinesi. Nilipima mapigo ya moyo kama nilivyoagizwa, nikahesabu dakika zangu, nikajiona mwanafunzi mwema.

Siku ya pili tulikwenda Mwisenge. Katika shule ya msingi ya pale ndipo Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alipoanza masomo mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Toka kwao Butiama hadi Mwisenge ni yapata kilomita 40, na simulizi za utoto wake humweleza akizikata kwa miguu. Mpwa wangu alisimama kivulini akapiga hesabu: mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita tano kwa saa, basi ni saa nane bila kupumzika. Kisha akaniuliza, "Mjomba, kwa nini hawakujenga shule Butiama?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mtoto alikuwa ameuliza lile lile lililokuwa mezani kwetu kamatini. Kila jengo la huduma, liwe shule, zahanati au kanisa, lina watu waliolijenga karibu nao na watu waliolijenga mbali nao. Kesho yake tulitembea hadi Nyegina, misioni iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1911, ambako Nyerere alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943. Huko nako watu walikuja kwa miguu toka pande zote, miaka na miaka. Nani leo anazikumbuka hatua zao? Majengo hukumbuka majina ya waliojenga. Hayakumbuki miguu ya waliokuja.

Katikati ya likizo tulipanda basi kwenda Bunda, mji ulioko kusini katika barabara kuu ya Mwanza, tukapanda kilima cha Balili polepole, nikipumzika kila baada ya hatua mia. Juu ya kilima hicho mtu hupewa mandhari mawili kwa jasho moja. Upande mmoja ni Ghuba ya Speke ikimeta kama bati jipya. Upande wa pili ni tambarare zinazoelekea Hifadhi ya Serengeti, ambayo mkono wake wa magharibi unanyooka hadi karibu na ziwa. Nilitaka kukaa pale hadi jioni.

Lakini mzee mmoja tuliyepumzika naye chini ya mti alinifundisha kuzitazama tambarare zile kwa jicho jingine. Katika vijiji vya Bunda vilivyopakana na hifadhi, alisema, njia ya shambani na njia ya shule hutegemea mahali walipolala tembo. Wakulima hukesha wakilinda mahindi. Tembo huingia usiku na kumaliza kazi ya msimu mzima, na mara nyingine huua watu. Mama hawezi kumwambia mtoto "Wahi shule" kabla hajajua kama njia ni salama. "Wewe unaniambia kilomita tatu," alisema mzee, "mimi nakuuliza kilomita tatu zenye nini ndani yake?"

Neno hilo nilishuka nalo kilimani. Katika makabrasha ya kamati yetu umbali ni tarakimu. Kilomita saba ni kilomita saba, iwe ni za lami au za tope, za mchana au za usiku, za mtu mzima au za mama mjamzito ambaye uchungu umemshika. Ramani haitoki jasho.

Zilipobaki siku tatu, tulianza safari niliyoitamani kuliko zote: kwenda Butiama kwa njia ya mtoto yule wa mwaka 1934. Kwa sababu ya umri wangu na maagizo ya daktari tuliigawa sehemu mbili. Siku ya kwanza tulitembea toka Mwisenge hadi njia panda ya Makutano, tukarudi hotelini kwa basi dogo. Siku ya pili tulipanda basi hadi Makutano, tukaendelea na miguu. Saa tatu asubuhi tulimfikia bibi mmoja aliyekuwa akienda njia moja nasi. Mgongoni alimbeba mjukuu aliyelala kwa homa, kichwani alikuwa na furushi, na mkononi ameshika ndala zake ili zisichakae.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi?"

"Musoma, bibi. Twaenda Butiama."

"Gari limeharibika?"

"Hapana, bibi."

"Mmeibiwa nauli?"

"Nauli tunayo."

Alitutazama viatu, akatutazama nyuso. "Basi mna nini?"

Mpwa wangu akajibu, "Tuko likizo, bibi. Tunatembea tu."

Bibi alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. "Miguu yangu mimi ikipewa likizo," alisema, "itakwenda kulala."

Mpwa wangu alilipokea furushi, tukaenda pamoja. Bibi alikuwa ametoka nyumbani kabla ya kupambazuka kumpeleka mtoto kupimwa malaria, na sasa alikuwa anarudi. Alishukuru sana, kwa sababu siku hiyo dawa ilikuwapo. Mara ya mwisho alikwenda, akaambiwa arudi kesho, akarudi kesho. Tulipomwuliza nyumbani ni wapi, alinyoosha midomo mbele akasema, "Hapo tu." Tulitembea nusu saa. Tukamwuliza tena. "Hapo tu, nyuma ya kile kilima." Ilipotimia saa nzima tulifika penye njia ndogo inayochepuka kushoto, naye akatuaga. Kilima bado kilikuwa mbele yake.

Niliitazama saa yangu. Dakika zile 150 ambazo mimi nilihangaika kuzitimiza kwa juma zima, bibi yule alikuwa amezimaliza kabla ya saa nne asubuhi, peku, akiwa na mzigo na mgonjwa. Hakuna daktari aliyemwandikia.

Je, basi ni dhambi mtu kutembea kwa kujifurahisha mahali ambapo wengine hutembea kwa shida? Mpwa wangu aliniuliza hivyo, si kwa maneno haya, lakini ndiyo maana yake. Nilimwambia la hasha. Bibi hatapunguziwa hata hatua moja kwa sisi kupanda gari. Tofauti kati yetu na yeye haipo katika kutembea, ipo katika kusimama. Aliye likizoni akichoka hukaa chini ya mti, jua likizidi hupunga mkono basi likasimama, akiugua hurudi hotelini. Mwenye kutembea kwa lazima hana haki hiyo. Mimi nilikuwa natembea na ruhusa ya kuacha mfukoni. Anayetembea akiwa na ruhusa hiyo anaweza kujifunza jambo fulani juu ya njia, ila asidhani amejifunza yote.

Tulifika Butiama mchana. Tuliingia Mwitongo, kwenye makazi ya ukoo wa Mwalimu, tukasimama kimya kando ya kaburi alimozikwa tarehe 23 Oktoba 1999, huyo ambaye Kanisa sasa linamwita Mtumishi wa Mungu. Tuliona pia makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka huo huo. Nami nilikuwa na jambo moja akilini: safari yake nyingine ya miguu, iliyoanzia hapo hapo Butiama.

Wengi wenu mnalifahamu Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Baada yake watu walitembea katika pande nyingi za nchi kuonyesha kuliunga mkono, na kijana Seti Benjamin alifariki akiwa katika matembezi hayo. Mwezi Oktoba mwaka huo Mwalimu mwenyewe, akiwa Rais, aliondoka Butiama kwa miguu kwenda Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, akautimiza kwa siku nane.

Tusitie chumvi. Rais anayetembea hatembei kama bibi niliyekutana naye. Ana walinzi, ana watu wanaomngoja kwa maji na ngoma, na gari lingeweza kuitwa wakati wowote. Lakini kwa siku nane mkuu wa nchi aliyapita mashamba kwa mwendo wa mwenye shamba. Aliye ndani ya gari huona kijiji kwa dakika mbili; aliye chini hukiona toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na husalimiwa na kila mmoja. Umbali wa watu wake aliupitisha mwilini mwake.

Na bado hilo peke yake halitoshi. Novemba 1973 Mwalimu huyo huyo alitangaza kwamba kuishi vijijini pamoja lingekuwa jambo la lazima ifikapo mwaka 1976. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati ziwe karibu na watu. Mamilioni walihamia, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na miti yao. Wengine huduma zikawa jirani nao, mashamba yakawa mbali. Hatua alizopunguziwa mama katika kwenda kisimani akaongezewa katika kwenda kulima. Umbali waweza kufupishwa kwa namna mbili: kuipeleka huduma kwa watu, au kuwapeleka watu kwenye huduma. Namna ya pili huonekana nyepesi kwa anayepanga, kwa sababu mzigo wa kuhama haubebi yeye.

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposikia kamati yetu ikiitwa kwa jina. Kiwanja cha kando ya lami ni chepesi kwa nani? Kwa gari la dawa, kwa mkaguzi, kwa mganga, kwangu mimi. Hayo si mambo madogo, maana zahanati isiyo na mganga wala dawa ni kuta tu, na bibi yule alinieleza vizuri maana ya kuambiwa "rudi kesho". Kiwanja cha ndani ni chepesi kwa nani? Kwa mama wa kitongoji cha mwisho. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 uliweka lengo la zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Lengo hilo lilitokana na ukweli kwamba mgonjwa huishiwa nguvu njiani. Sisi, kwa muda huu, tuna uwezo wa kujenga moja tu. Kwa hiyo popote tutakapoijenga, kuna mtu ambaye tutakuwa tumempangia safari. Angalau tuijue safari hiyo kabla hatujamtuma.

Usiku wa mwisho hotelini, ziwa likipiga majabali nje ya dirisha na taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka mbali kama mji mwingine, nilimwandikia mwenyekiti wetu. Nilimwambia kwamba sitapiga kura kabla wajumbe wote hatujafanya jambo moja. Tukusanyike kwenye nyumba ya mwisho ya kila kitongoji, saa sita ya mchana, kila mmoja na mzigo wenye uzito wa mtoto wa miaka mitatu, tutembee hadi kiwanja cha kwanza. Siku nyingine hadi kiwanja cha pili. Tusihesabu kilomita, tuhesabu dakika, vijito visivyo na daraja, na mahali ambapo mwanamke hawezi kupita peke yake gizani. Baada ya hapo tupige kura, nami nitaikubali, hata ikiwa ya lami.

Jibu lilikuja asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo: "Wazee watachoka."

Nikamjibu, "Ndiyo maana."

Tumekubaliana kuanza Jumamosi ijayo. Mpwa wangu ameomba awepo, na amesema atabeba mzigo wa mzee yeyote atakayeshindwa. Nimemwambia hapana, kila mzee atabeba wake. Nanyi, wapendwa, kila mmoja ana meza fulani ambapo hupanga safari za wengine: mwalimu anayemwita mzazi shuleni, mwajiri anayeamua saa ya kuingia kazini, kiongozi anayepanga mahali pa mkutano, hata baba anayemwagiza mtoto kisimani. Juma hili, kabla hujamwambia mtu "njoo" au "rudi kesho", itembee kwanza njia yake, walau mara moja.